Asilimia 60 ya nani, mwanangu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Ngamiani hapa Tanga. Ndoa yetu ina miaka saba. Mwaka wa kwanza nilishika mimba ikatoka, tangu hapo kimya. Picha imeonyesha mrija mmoja wa uzazi umeziba na umejaa maji. Kliniki moja ya Dar imetuambia tukipandikiza, yaani yai lirutubishwe maabara kisha lirudishwe tumboni, nafasi ni asilimia 60. Mume wangu anataka tuuze kiwanja cha Pongwe. Yeye hajapima, anasema ana mtoto aliyemzaa kabla ya kunioa. Hiyo 60 ni kweli?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mimba ile.

Kiwanja kisiuzwe kwanza.

Hiyo 60 huenda ni ya kweli, ila ya mtu mwingine kabisa. Kuna wanaohesabu kipimo cha mimba kilichosoma ndiyo, na kuna wanaohesabu mtoto aliyezaliwa hai. Wewe uliyewahi kupoteza mimba huhitaji kuelezwa tofauti yake. Wengine huwahesabu waliofika siku ya kupandikizwa tu. Waliochomwa sindano za kukuza mayai siku nyingi yasipatikane ya kufaa, hawamo, na fedha walilipa. Na kama wengi wao walikuwa na miaka 28, namba hiyo haikuhusu.

Uingereza, alikozaliwa mtoto wa kwanza wa njia hii mwaka 1978, kliniki zinalazimika kupeleka matokeo serikalini. Takwimu zao za 2019, kwa wanaotumia mayai yao wenyewe, zinaonyesha kila kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa, kilichopandikizwa kilileta mtoto kwa takriban asilimia 32 kwa walio chini ya miaka 35, asilimia 25 kwa wa miaka 35 hadi 37, na 11 kwa wa 40 hadi 42. Wewe uko kwenye hiyo robo. Usikate tamaa: mzunguko mmoja wa matibabu unaweza kutoa viinitete kadhaa, vingine vikagandishwa, na nafasi ya jumla ikapanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen walitoa mwaka 2016 kikokotoo cha kukadiria nafasi hiyo ya jumla: kinauliza umri, miaka ya kutafuta mtoto, kama umewahi kushika mimba, na tatizo ni lipi. Kimetokana na wanawake wa Uingereza, kichukue kama mwanga tu.

Lililonishtua zaidi ni huo mrija. Maji yale hurudi kwenye mji wa mimba na kupunguza sana nafasi ya kiinitete kujishika, wakati mwingine karibu nusu. Kwa kawaida mrija wa namna hiyo hutolewa au kufungwa kabla ya kupandikiza. Kama mmeambiwa 60 na hakuna aliyegusia mrija, basi aliyewaambia hakuisoma picha yako.

Na baba naye apime. Mtoto wa miaka ile ni ushahidi wa miaka ile, mbegu hubadilika. Akae siku mbili hadi saba bila tendo, atoe sampuli, basi. Zikiwa chache, matibabu yenyewe hubadilika, kila mbegu ikachomwa ndani ya yai lake. Mwambie kwa upole, mkiwa wawili, mawifi wasiwepo.

Wakikupima homoni ya AMH, ujue inakadiria wingi wa mayai yatakayopatikana. Ubora wake hutegemea zaidi umri. Kwa hiyo wiki chache za vipimo hazitakudhuru, lakini msiache mwaka upite.

Mkirudi Dar, muulize daktari: “Kati ya wanawake wa miaka 35 hadi 37 walioanza dawa hapa mwaka juzi, kwa mayai yao wenyewe, wangapi wamezaa mtoto hai?” Akikutajia idadi ya wanawake, ulizeni na gharama yote, dawa na kugandisha vikiwemo, ndipo mzungumze habari za kiwanja. Akirudia 60 tu, tafuteni kliniki nyingine.