Hedifoni Imekataa Kushika Kompyuta? Anza na Simu

Wewe unayeanza kazi ya kuhudumia kompyuta za watu, akija mteja analalamika kwamba hedifoni zake zisizo na waya hazishiki, usikimbilie draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa. Muulize kwanza simu yake iko wapi. Hedifoni nyingi zikiwashwa hurudi kwa kifaa zilichokitumia mwisho, na mara nyingi ni simu iliyo mfukoni, Bluetooth ikiwa wazi. Zima Bluetooth ya simu, ujaribu tena.

Bado hazionekani? Kuwashwa tu hakutoshi, lazima ziwe tayari kuoanishwa, yaani kutambulishana na kompyuta. Nyingi unashikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa mpaka taa ianze kumetameta. Zikionekana lakini zikagoma kuunganishwa, zifute kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta, futa na kumbukumbu ya hedifoni zenyewe, kisha oanisha upya. Ukifuta upande mmoja tu, wa pili unaweza kung'ang'ania ufunguo wa zamani, ile namba ya siri ya kutambuana.

Zimeunganishwa ila ziko kimya: angalia sauti inatokea wapi. Mara nyingi kompyuta bado inapigia spika zake.

Lalamiko linalowachanganya wageni wa kazi hii ni hili: muziki ulikuwa safi, kikao cha video kikaanza, ghafla sauti ikafifia kama inatoka ndani ya debe. Hakuna kilichoharibika. Kwa kawaida Bluetooth ina njia mbili za sauti. A2DP hupeleka stereo upande mmoja tu, bila maikrofoni. HFP hupeleka na kurudisha, lakini kwa sauti nyembamba ya mono, kHz 8 au 16. Programu ikifungua maikrofoni ya hedifoni, kompyuta inahamia HFP. Ndani ya programu hiyo chagua maikrofoni ya laptopu, na hedifoni zibaki za kusikilizia. Kwenye Windows 10 jina la hedifoni hutokea mara mbili. La kuchagua ni lenye Stereo, si lenye Hands-Free. Mimi huyafanya haya kabla ya kumruhusu mtu yeyote anunue hedifoni mpya.

Sauti ikikatikakatika, shuku mwingiliano wa mawimbi hewani. Bluetooth hutumia GHz 2.4, masafa yanayotumiwa pia na Wi-Fi, na vifaa vya USB 3.0 navyo humwaga kelele papo hapo. Hamishia Wi-Fi kwenye GHz 5. Kama Bluetooth ni ya kuchomeka, isogeze mbali na diski ya nje, hata kwa waya mfupi wa kurefushia. Kwa kompyuta ya mezani, chungulia nyuma: wakati mwingine antena za Wi-Fi na Bluetooth huachwa ndani ya boksi bila kufungwa.