Kabla ya kumwaga zege, onja maji

Nguzo ya baraza yangu, Kigamboni, ilianza na ufa mwembamba uliosimama wima, vidole viwili kutoka kwenye kona. Nikaita fundi. Akabandua palipolegea, akapiga ripu, tukapaka rangi. Mwaka haukuisha, ufa ukatokea tena, safari hii juu ya kiraka na chini yake. Nilipogonga kwa nyundo, zege likadondoka kama ganda. Nondo ya milimita 12 ilikuwa imeliwa, mahali pengine imebaki kama penseli, na kutu yake ilijipanga matabaka ambayo ungeyachambua kwa kucha.

Nyumba ile tuliijenga kwa maji ya kisima cha jirani. Yalikuwa na chumvi na sote tulijua, hata sabuni haikutoa povu. Hatukuyanywa, lakini kwa zege tuliona hayana neno. Hilo ndilo kosa ninalokuomba usilirudie.

Nondo ikiwa ndani ya zege zuri hailiwi na kutu, ingawa zege lina unyevu. Saruji ikikutana na maji hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za haidroksaidi kwa wingi, pH, kile kipimo cha tindikali, ikafika 12.5 hadi 13, mbali kabisa na tindikali. Hapo uso wa chuma hujivika utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu. Huuoni kwa macho, lakini ndio unaoilinda nondo miaka na miaka, na ukichubuka kidogo hujiziba wenyewe. Adui yake mkubwa ni ioni ya kloraidi, ile ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Huutoboa utando mahali padogo, na kidonda kikishafunguka kinachimba kwenda ndani, kwa sababu maji ya ndani ya kile kishimo hugeuka tindikali na kuvuta kloraidi nyingine. Linalonitisha zaidi ni kwamba kloraidi haiishi. Ikishasaidia chuma kuyeyuka inabaki pale pale, tayari kuendelea. Kutu nayo huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, na hicho ndicho kinachopasua zege.

Mimi niliamini nilipoona. Nilichukua chupa tatu za jemu na misumari mitatu ya kawaida, isiyopakwa zinki, nikaisugua kwa msasa mpaka iking'aa. Chupa ya kwanza nilitia maji ya kile kisima. Ya pili, maji yaliyokorogwa na saruji kisha yakachujwa. Ya tatu, maji hayo hayo ya saruji na kijiko cha chumvi. Nikafunga vifuniko. Msumari wa kisimani ulipiga kahawia siku ya pili tu. Wa saruji tupu uling'aa mwezi mzima. Wa tatu ulikaa vizuri siku kadhaa, kisha vikatokea vidoa vidogo vyeusi, kila kimoja na mkia wa kutu, na sehemu nyingine yote ya msumari bado inang'aa. Ule utoboaji ndio niliouona kwenye nondo zangu.

Sasa hesabu. Kipimo kinachotumika sana Ulaya kwa zege lenye nondo ni kloraidi isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50. Maji ya bahari yana kama gramu 19 za kloraidi kwa lita. Ukitia lita 25 kwa mfuko umeingiza gramu 475, na mchanga hujauhesabu. Maji ya kuchanganyia zege la nondo yasizidi gramu 1 ya kloraidi kwa lita. Ulimi ukihisi chumvi, peleka chupa maabara kabla ya kununua hata kokoto.

Kwa hiyo nunua maji ya boza kwa zege, na kwa kulimwagilia likikauka pia. Mchanga wa ufukweni uache. Dawa za kukausha zege haraka, soma kibandiko. Zenye kloraidi usiziguse. Biskuti za kuinua nondo ziwe za milimita 50 kama uko karibu na bahari, maana upepo wenyewe huleta chumvi.

Na kama ufa umeshatoka, usikubali ripu juu yake. Zege lenye chumvi lichimbwe mpaka nyuma ya nondo. Kiraka changu cha kwanza kiliizuia kutu pale tu. Ile sehemu iliyokuwa ikiliwa ndiyo iliyokuwa ikizikinga sehemu za nondo zilizo jirani nayo, na ilipotulia, zamu ikawa yao.

Mdogo wangu anamwaga slabu Bagamoyo mwezi ujao. Tenki la lita 2,000 ameshaliweka, anasubiri boza. Ile chupa ya tatu nimempa aende nayo saiti, fundi wake auone msumari kabla hajachota maji.