Kwenda KIA, kaa kulia

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ukipanda ndege unachagua kiti gani, na kwa nini? Mimi ni wa dirishani, siku zote. Ila ukiniambia "dirishani" tu nitakuuliza: upande gani? Nijibu kwa safari ninayoijua, ya Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Kilimanjaro, KIA.

Kaa kulia. Ndege ikishatoka Dar inashika kaskazini-magharibi, na karibu kila cha kutazama kinabaki mkono huo: Usambara kwanza, kisha milima ya Upare, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu linalong'aa kama bati jipya, halafu mlima wenyewe. Ni njia ileile tunayoimaliza kutwa nzima kwenye basi tukienda nyumbani Desemba, Korogwe, Same, Mwanga, shingo zimekakamaa kwa kuangalia juu. Angani milima hiyo unaiona mgongo, na mashamba yamepanda mpaka kwenye mabega yake. Kushoto ni nyika ya Simanjiro, na karibu na kutua huenda ukauona Mlima Meru. Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, utaipata tu kama rubani atageuza ndege kwa namna ya kukufaa.

Chukua ndege ya asubuhi. Jua linakuwa nyuma ya bega lako la kulia, halikuchomi macho, na linaupiga mlima usoni. Kadiri mchana unavyopanda, mawingu nayo yanapanda. Lakini usikate tamaa ukisikia Moshi kumefunga. Kibo ina mita 5,895. Mara nyingi mawingu yanaishia kiunoni, na wewe uko juu yake. Walio chini wanaona ukungu, wewe unaona barafu. Itazame vizuri barafu hiyo, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imeshakwisha. Mimi kila nikipita naona ni wajibu kuiangalia.

Kuhusu safu: ndege za mapangaboi mabawa yake yako juu ya madirisha, kwa hiyo ardhi unaiona. Epuka tu safu zilizo sambamba na injini. Kwenye ndege za jeti bawa liko chini, basi kaa mbele yake. Ukikaa nyuma, hewa ya moto ya injini inaitetemesha picha yote. Na kuna viti vinaitwa vya dirishani kumbe ubavuni ni ukuta mtupu. Uliza kabla.

Kurudi Dar unageuza, unakaa kushoto. Hilo nililizingatia sana siku nilipomleta mama mjini kumwona mjukuu wake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Tulikuwa tumepangiwa kulia. Nikamweleza dada wa kaunta, akatubadilishia bila neno.

Mama ni wa Rombo, amezeeka akiutazama mlima kutoka mashariki. Kwetu kilele cha Mawenzi ndicho kilicho mbele, na Kibo imejibanza nyuma yake. Ndege ilipopaa akaweka kiganja kwenye kioo, kimya. Vilele vyote viwili vilikuwa wazi: Kibo nyeupe kushoto, Mawenzi kulia na meno yake meusi, na katikati lile tandiko pana la udongo mkavu.

"Kumbe wamekaa mbalimbali hivi," akasema.

Kisha akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikamwonyesha nyuma ya Mawenzi, kule tusikoweza kuona. Akaitikia kwa kichwa, akasogeza paji la uso mpaka likagusa kioo. Korosho alizopewa hakuzifungua mpaka mlima ulipobaki nyuma kabisa.