Usinunue boksi zima: jibu kwa aliyeuliza majarida ya zamani, Dodoma

Mkuu, umeuliza kama ununue boksi zima la majarida ya historia na wanyamapori uliloliona Majengo, au uchague machache. Chagua. Mimi nilinunua maboksi mawili kwa mkupuo, mpaka leo nusu yake sijayafungua.

Siku hizi natafuta matoleo yenye habari za kwetu tu. Nilianza na National Geographic ya Septemba 1960, mtafiti Louis Leakey akieleza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mkewe Mary aliliona Olduvai Julai 1959. Ikafuata ya Agosti 1963, mtafiti Jane Goodall na sokwe wa Gombe. Hayo ya National Geographic, yenye jalada la njano, yalichapwa kwa wingi mno, kwa hiyo muuzaji asikupandishie bei kwa sababu ya uzee peke yake. Yanayosumbua kupatikana ni ya Tanganyika Notes and Records, jarida la utafiti wa mambo ya Tanganyika, lililoanza 1936. Ninayo manne. Moja, la 1950, lina michoro ya miambani ya Kondoa, na siku moja nililifunga kwenye kanga ya mama watoto nikapanda nalo basi hadi Kolo, kwenye michoro yenyewe. Nikasimama chini ya mwamba, jicho moja kwenye ukurasa, jingine ukutani. Kuna mistari ambayo kitabuni naiona wazi, ukutani nilihangaika kuitafuta. Aliyenitembeza akaniomba nimwachie. Nikajifanya sijasikia.

Pa kutafuta: wauza karatasi za kufungia. Karatasi ya kung'aa hainyonyi mafuta, wauza maandazi hawaitaki, basi hubaki chini ya rundo.

Adui wa hapa ni mchwa. Weka rafu mbali na ukuta, usiweke kitu sakafuni. Mvua tunaidharau kwa kuwa ni ya miezi michache, na ndiyo iliyonitia hasara. Januari moja bati lilivuja, majarida yakalowa, nikayaanika juani kama mtama. Yalipokauka, kurasa zilikuwa zimegandana, ukivuta zinachanika na picha zake. Ile karatasi ya kung'aa ina udongo mweupe juu yake, ukilowa unakuwa gundi. Yakilowa, tenganisha kurasa zikiwa bado mbichi, uingize karatasi kavu katikati, uanike kivulini. Yakiwa mengi, yatie kwenye mfuko uyaweke friza, uyashughulikie moja moja.

Kabla hujalipa, kagua kama ramani za kukunja zimo, maana wengi huzichomoa wakabandika ukutani. Na ukikuta humo ya Agosti 1963, niambie. Yangu ni mojawapo ya zilizogandana.