Maswali na Majibu: Busta, Vitamini na Premiksi kwa Kuku wa Nyama

Nina broila 300 kwenye banda la mita 4 kwa 5, bati bila dari. Wakiingia wiki ya tano, jua likikolea wanahema midomo wazi, na karibu kila alasiri naokota wawili watatu wamekufa. Dukani walinipa vitamini za "stress" na busta (kiongezi cha kukuzia kuku). Nimewapa kila siku tangu vifaranga wafike lakini vifo vipo pale pale. Niongeze dozi? – Mfugaji, Buhongwa, Mwanza

Usiongeze. Kuku 300 kwenye mita za mraba 20 ni kuku 15 kwa kila mita. Wakiwa na kilo 2 kila mmoja, hizo ni kilo 30 za kuku hai kwenye mita moja, tena chini ya bati tupu. Banda lisilo na feni kwa joto la hapa kwetu libebe kuku 8 hadi 10 kwa mita, yaani kwako 180 hivi. Bati lipake chokaa nyeupe au litandazie nyasi, na tangi la maji lisikae juani. Maji yakiwa vuguvugu kuku hupunguza kunywa saa ile ile anayoyahitaji zaidi.

Hilo likishafanyika, ndipo viongezi vina kazi. Kuku hana jasho, anapoza mwili kwa kuhema. Akihema sana hewa ya kaboni dioksidi humtoka kupita kiasi, damu inapoteza uwiano wake wa tindikali, na figo zinamwaga bikaboneti na potasiamu. Kwa hiyo siku za joto mpe vitu viwili. Cha kwanza ni vitamini C, miligramu 250 kwa lita ya maji. Kwa lita 40 ni gramu 10 za unga halisi wa vitamini C, si gramu 10 za unga wowote ulioandikwa "vitamini" juu ya pakiti. Cha pili ni elektrolaiti (chumvi za madini) za dukani kwa kipimo cha lebo, au bekingi soda gramu 1 hadi 2 kwa lita, kwa saa za joto tu. Bekingi soda, siyo magadi ya madonge, ambayo nguvu yake hakuna anayeijua. Ukizidisha soda utaona matandiko yanaloa, na matandiko yaliyoloa huleta amonia na koksidiosisi (ugonjwa wa kuhara damu).

Vitamini C haikai muda mrefu ndani ya maji. Jua, klorini na chombo cha chuma vinaiharibu. Changanya kiasi cha kunywewa ndani ya saa tatu nne, uwape asubuhi kabla joto halijapanda. Kumwaga pakiti nzima kwenye tangi saa 12 asubuhi na kuyaacha hadi jioni ni kununua maji ya rangi.

Kinachosaidia kuliko vyote hivyo hakiuzwi: ondoa chakula saa 3 asubuhi, kirudishe saa 10 jioni, na usiku uwawashie taa kwa muda wa saa mbili wale kwa utulivu. Kusaga chakula tumboni kunazalisha joto, na joto hilo likikutana na la alasiri ndipo kuku anadondoka. Maji yasiondolewe hata dakika moja. Vyombo vya chakula viwe vya kutosha, maana jioni watavivamia na wadogo watakanyagwa.

Halafu geuza hiyo pakiti ya busta usome nyuma. Nyingi zina oksitetrasaiklini au neomaisini pamoja na vitamini. Ikiwa ni hivyo, umekuwa ukiwapa kuku wasioumwa antibiotiki kila siku, na ukiwauza bila kutimiza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo, mteja anakula dawa.

Nachanganya chakula mwenyewe. Katika kilo 100: mahindi 50, mashudu ya alizeti 20, dagaa 15, pumba 10 na makombe ya ziwani yaliyosagwa 5. Naongeza premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) kiganja kimoja na chumvi. Kuku hawalingani, na wengine miguu inapinda. Wananiambia nizidishe makombe. – Mvuvi na mfugaji, Kayenze

Waliokuambia wanafuga kuku wa mayai. Makombe yana kalsiamu kama asilimia 38. Kilo 5 katika 100 zinaleta asilimia 1.9, na broila anataka asilimia 0.9 hadi 1 tu. Hapo hatujahesabu dagaa, ambao wanasagwa na miba yao. Kalsiamu ikizidi hivyo inazuia fosforasi na zinki zisifyonzwe, mfupa unakosa ugumu na mguu unapinda. Dalili zinafanana na za upungufu wa kalsiamu, ndiyo maana watu wanaongeza kilekile kinachoua. Rudi kwenye kilo 1 ya makombe, weka na DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1. Kilo 3 zilizobaki zijaze kwa mahindi.

Pumba ziondoe kabisa kwenye stata (chakula cha vifaranga). Kwenye finisha (chakula cha kumalizia) zikiwa kilo 5 zinavumilika. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake yana nyuzinyuzi nyingi, na kasoro yake kubwa ni upungufu wa laisini (moja ya asidi amino, vijenzi vya protini). Mahindi nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kama fedha inatosha kiongezi kimoja tu baada ya premiksi, nunua laisini kabla ya methionini (asidi amino nyingine): gramu 200 kwa kilo 100. Dagaa na alizeti tayari wana methionini ya kuridhisha, ukiweza ongeza gramu 100. Wanaochanganya kwa soya mambo yao ni kinyume, kwao methionini ndiyo ya kwanza. Mashudu ya pamba, ambayo kanda yetu hayakosekani, yasiguse chakula cha vifaranga: yana gosipoli (sumu ya asili ya mbegu za pamba), na gosipoli huishika hata laisini kidogo iliyopo.

Dagaa wapime kabla hujawalipia. Waliokaushwa chini wanakuja na mchanga. Chukua nusu kilo, twanga, mimina kwenye ndoo ya maji, koroga kwa mkono, kisha mwaga taratibu yale yanayoelea. Mchanga utabaki chini. Ukaushe na uupime. Ukipata gramu 50, moja ya kumi ya gunia lako ni ufukwe. Wiki ya mwisho kabla ya kuuza wapunguze dagaa hadi kilo 5 au chini, nafasi yao ichukuliwe na soya iliyokaangwa, la sivyo nyama itanuka samaki.

Sasa hicho kiganja. Premiksi nyingi huandikwa kilo 2.5 kwa tani, ambayo ni gramu 250 kwa kilo 100 (soma ya kwako, zipo za kilo 5). Viganja vya watu havifanani, kwa hiyo tafuta mzani wa jikoni. Kisha usiirushe juu ya rundo na kuchapa koleo. Changanya premiksi, laisini na gramu 300 za chumvi kwanza na kilo 1 ya mahindi yaliyosagwa, kwenye beseni, hadi rangi iwe moja. Ongeza kilo 5, changanya tena. Hiyo ndiyo uimwage kwenye rundo lililotandazwa bapa, uligeuze lote kwa koleo mara tano au sita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Bila hatua hizo kuku mmoja anapata vitamini za wiki nzima na mwenzake hapati kitu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutolingana kwako. Premiksi iliyofunguliwa ifungwe, iwekwe mahali pakavu penye ubaridi. Unyevunyevu wa ziwa unaimaliza haraka.

Kama mahindi yana ukungu, baida ya sumukuvu (unga unaonasa sumu za ukungu) inasaidia dhidi ya aflatoksini, lakini kuna sumu nyingine za ukungu ambazo baida za udongo hazizishiki vizuri. Mahindi meusi tupa.

Wateja wanasema broila wanakuzwa kwa homoni, na wengine kwa ARV. Nawajibu nini? – Muuza kuku, Igoma

Homoni: hapana. Homoni ya ukuaji ni protini, kuku akiila tumbo linaisaga kama dagaa. Ukuaji wa wiki tano sita umetokana na miongo ya kuchagua mbegu, na chakula chenye nguvu.

ARV ni dawa za watu wanaoishi na VVU. Anayempa kuku anawapokonya wagonjwa na kuwalisha walaji mabaki ya dawa. Ukiliona hilo, mweleze afisa mifugo wa kata. Antibiotiki za kukuzia ni jambo la kweli zaidi, zilitumika sana duniani. Umoja wa Ulaya ulizizuia kuanzia 2006, na Marekani mwaka 2017 ilizuia matumizi hayo kwa zile zinazotibu binadamu. Hapa kwetu tatizo ni busta kama ya ndugu wa Buhongwa hapo juu.

Naweka siki na bekingi soda pamoja kwenye maji, moja ya tumbo na nyingine ya joto. Siku ya chanjo ya Gumboro (ugonjwa wa virusi wa kuku) niendelee? – Msomaji, Nansio

Siki na soda zikikutana zinatoa povu na kuuana, kuku anakunywa maji yenye chumvi ya bure. Siki mililita 5 kwa lita zipe siku za baridi, kwenye chombo cha plastiki, soda siku za joto.

Siku ya chanjo usiweke chochote kati ya hivyo, wala antibiotiki, wala dawa ya kuulia vijidudu. Maji ya bomba yana klorini na klorini inaua chanjo hai: koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, subiri dakika 20, ndipo utie chanjo. Fanya alfajiri, kiasi kinachomalizika ndani ya saa mbili. Vitamini zirudi kesho yake.