Si uvivu, ni ile simu

Kakangu, umeuliza mbona uko ofisini tangu saa mbili na kazi haisongi. Si uvivu huo. Mimi nashughulika na makaratasi ya mizigo hapa Kilindini. Nambari ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7. Juzi nimefika katikati kuiandika, simu ikalia: grupu la harusi, watu wanabishana rangi ya leso! Nikacheka, nikajibu, nikarudi. 68 nikaiandika 86. Ile tarakimu ya mwisho ni ya kukagulia zilizotangulia, ndiyo iliyoniumbua. Hesabu ikakataa, nikaanza upya.

Mtafiti Sophie Leroy alilieleza hili mwaka 2009: ukiirukia kazi nyingine, hasa ya kwanza ikiwa haijaisha, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Kwa hiyo hata ukichungulia dakika moja tu, hasara yake ni zaidi ya dakika moja.

Kuzima intaneti kabisa hutaweza, bosi mwenyewe hutuma kazi kwa WhatsApp. Mimi magrupu yote nimeyanyamazisha mpaka adhuhuri, na barua pepe naifungua mara tatu kwa siku. Mwenye haraka hunipigia.