Nilitolewa saa nane usiku kwenye kundi nililolianzisha mwenyewe

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo kule Morogoro. "Dada, shikamoo. Nimefungua kundi la WhatsApp la wapenzi wa Sherlock Holmes. Tuko 180. Mwanzoni lilichangamka kweli, sasa, tangu tupige kura ya mwigizaji bora wa Holmes, ni matusi tu, na wengine wanatupia matangazo ya mikopo. Nilifunge?"

Marahaba, mdogo wangu. Usilifunge. Ujumbe wako umenikuta siku nne tu baada ya kundi letu kumaliza kusoma hadithi zote za Holmes, yule mpelelezi wa kubuniwa wa mwandishi Arthur Conan Doyle, zote 60: riwaya 4 na hadithi fupi 56. Imetuchukua mwaka mmoja na miezi mitano. Tulianza watu 41, tumemaliza 19, na usiku ule wa mwisho nililia nikiwa nimeishika simu. Siyo jambo la kuona haya. Nilikuwa na sababu ya kulia, na sababu yenyewe ni ya zamani.

Holmes mimi nilimjua kwa runinga, kama wengi wetu. Ule mfululizo wa BBC wa Benedict Cumberbatch ulioanza mwaka 2010, binamu yangu aliniwekea kwenye flashi, nikaumaliza kwa siku mbili. Nikajiunga na kundi kubwa la kimataifa huko Facebook. Katika posti yangu ya kwanza nikaandika ule usemi maarufu, "Elementary, my dear Watson", yaani ni jambo rahisi, Watson mpenzi, Holmes akimwambia rafiki yake, nikasema ndio maneno ninayoyapenda kuliko yote vitabuni. Haikupita hata dakika tano nikajibiwa: usemi huo, kwa maneno hayo, haumo katika hadithi hata moja ya Arthur Conan Doyle. Mwingine akaongeza kwamba ile kofia tunayoijua alivishwa na mchoraji, Sidney Paget, na kiko kilichopinda kilitoka jukwaani, kwa mwigizaji William Gillette. Kisha wakaniambia: soma kwanza.

Roho iliniuma. Nilizima data, nikakaa wiki nzima sigusi kundi lile. Lakini walikuwa wamesema kweli, na kweli haibadiliki kwa sababu imesemwa kwa ukali. Vitabu vyote vya Holmes vinapatikana bure kwenye mtandao wa Project Gutenberg, wala si wizi, hakimiliki yake imekwisha. Nikaanza na riwaya ya kwanza, ya mwaka 1887. Nikasoma kwenye daladala, nikasoma kwenye foleni ya benki, nikasoma umeme ukikatika. Niliporudi kwenye lile kundi sikubishana na mtu. Niliandika habari za Bwana Msa.

Wenzangu wa Kiswahili mnamjua. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitupa mpelelezi wetu katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960: mtulivu, ana kiko chake, ana rafiki yake Najum kama Holmes alivyo na Watson. Wale wale walioniambia nisome kwanza, sasa wakawa wananiuliza maswali. Wapi kitapatikana? Kimetafsiriwa? Najum ni mjinga au anajifanya? Nilijibu mpaka usiku wa manane. Hapo nilielewa kwamba kwenye makundi haya heshima haiji kwa kusifia kile ambacho kila mtu anakisifia. Inakuja kwa kusoma, na kwa kuleta kitu cha kwenu.

Mwaka 2017 nikaanzisha kundi letu la Kiswahili. Nikamfanya rafiki yangu mmoja kuwa admini mwenzangu, kosa ambalo sitalirudia. Tukajaa haraka, zaidi ya watu 200. Na ndipo ikaanza ile vita unayoiona wewe sasa: nani Holmes wa kweli? Kuna waliomtaka Cumberbatch. Kuna waliosema hakuna zaidi ya Jeremy Brett, aliyemwigiza Holmes kwenye runinga kuanzia 1984 mpaka 1994. Mimi ni wa Brett, na nilisema. Nilisema sana. Rafiki yangu akaanzisha kura. Kura ikazaa kejeli, kejeli ikazaa matusi, mtu akatukaniwa mama yake kwa ajili ya mwigizaji ambaye hajui kama sisi tupo duniani. Nikamwomba aifute ile kura. Niliamka alfajiri kuswali nikaona nimeondolewa, saa nane na dakika kumi na moja usiku. Kundi langu, jina nililolibuni mimi, picha niliyoichagua mimi. Hakuniandikia hata neno moja.

Sitasema imeshapoa. Haijapoa.

Kilichonituliza wakati ule ni kusoma historia ya wapenzi wa Holmes. Wivu huu haukuletwa na simu. Conan Doyle alipomuua Holmes katika jarida la The Strand mwishoni mwa 1893, inasimuliwa kuwa wasomaji zaidi ya 20,000 waliacha kulinunua. Alikuja kumfufua mwaka 1903. Chama mashuhuri cha Marekani, Baker Street Irregulars, kilianza 1934 New York, na wanawake hawakupokelewa kuwa wanachama mpaka 1991. Mwaka 1968 wanawake walisimama na mabango nje ya mlo wa kila mwaka wa chama hicho, katika baridi ya Januari. Niliposoma hayo nilijisemea kwamba kama wale walisimama kwenye baridi, mimi siwezi kushindwa kufungua kundi jingine.

Nikafungua. Safari hii kwa sharti moja: hapa tunazungumza kilichoandikwa. Filamu ruhusa, lakini lazima uoneshe na ukurasa. Hadithi moja fupi kwa wiki, Ijumaa saa tatu usiku. Matusi ni mara moja tu, ya pili unatoka.

Nikupe mfano mmoja uone kitabu kinavyoweza kuwasha kundi kuliko kura. Kuna hadithi ya 1891 iitwayo The Man with the Twisted Lip. Humo mke wa Watson anamtaja mtu anayeitwa James, ilhali jina la Watson ni John. Dada mmoja, muuguzi wa Tanga, alituma skrinshoti sentensi ile ameipaka rangi ya njano, ikafuatiwa na sauti ya dakika sita. Anauliza: mke anasema amtume James akalale, sasa huyo si mtoto? Pengine ni mtoto wao, na yeye mumewe ni Baba James! Kundi likalipuka. Mwingine akaleta maelezo ya mwandishi Dorothy L. Sayers, kwamba ile H katika John H. Watson ni Hamish, yaani James kwa Kiskoti. Muuguzi akakataa katakata: mwanamke wa Pwani hamwiti mumewe jina kavu. Mpaka saa sita usiku watu wanacheka, wanapekua, hakuna aliyetukanwa. Mimi nilikaa kimya nasoma tu, nafsi imeridhika.

Kwa hiyo soma. Nasema tena, soma, na uwasomeshe wenzako. Admini asiyesoma atabaki kuwa mlinzi wa geti. Acheni kugombea waigizaji, vijana! Mwigizaji ni mlango tu, umeshaingia ndani, ya nini kubaki umeung'ang'ania? Na uongozi usimgawie mtu kwa sababu tu ni rafiki. Mpe aliyekwishasoma, anayejua kunyamaza.

Yule rafiki yangu, kwa taarifa yenu, ameomba kujiunga na kundi jipya. Ombi lake lipo pale tangu Jumanne.

Wewe wa Morogoro, leo hii ifute kura, ondoa watu wa mikopo, kisha bandika The Speckled Band, ya 1892. Ni fupi. Ina nyoka anayeshuka kwa kamba usiku, anayerudi akisikia mluzi, anayepewa maziwa kwenye kisosi. Waulize wanakundi waliokulia vijijini kama nyoka husikia mluzi, na kama hunywa maziwa. Halafu kaa pembeni, waache waongee.